Kamusi Apimwa kwa Simu

Kalamu ya Daktari ilikuwa imeshagusa karatasi.

Hapo ndipo nilipowakatisha wiki jana, na najua wapo walionilaani. Haya, laana zenu nimezipokea. Tuendelee.

"Ngoja," alisema Bi Sauti, akaweka kiganja juu ya ile karatasi.

Kalamu ilimchora kidole. Hakuuondoa mkono.

Na wewe uliyefungiwa nyama kwa gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, sogea nikumegee. Mgonjwa aliye kitandani ni Kamusi, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, mtu aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna neno lililompita. Alipigwa na kitu kizito kichwani, ndani ya stoo, jioni ile ile karatasi za mtihani wa shule zilipoibwa. Bosi wa kiwanda yuko mahabusu, maana ufunguo wa stoo anao yeye peke yake. Aliyemwona mwizi ni Kamusi tu, na Kamusi amezinduka wiki hii, upande wa kushoto umelala, ulimi mzito.

Wakili wa Bosi ndiye aliyeleta ile karatasi. Daktari akiisaini kwamba mgonjwa hana akili ya kutoa ushahidi, mdomo wa Kamusi umezibwa na kesi imekufa. Na sababu ya kusaini ilikuwepo, imeandikwa kwenye kioo cha simu ya Daktari: kipimo cha msamiati cha mtandaoni kimesema Kamusi ana maneno ya mtoto wa miaka saba.

"Mama, ondoa mkono," alisema Wakili kwa upole wa mtu anayelipwa. "Daktari ameshaamua."

"Ameamua nini? Kwamba nimeolewa na mtoto?"

"Si mimi," alisema Daktari, macho chini. "Ni kipimo."

Alikuwa kijana, koti limempwaya mabegani, na wodi nzima ilikuwa inamngoja yeye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda kuamuliwa.

"Mtaalamu wa ubongo huja hapa mara moja kwa mwezi," aliendelea. "Mimi sina kifaa kingine. Hiki kinatumika duniani kote. Neno moja, maana nne, unagusa iliyo sahihi. Mwisho kinakwambia umri wa msamiati wako."

"Nani alikwambia kipo?"

"Ni mimi, Dada," ilijibu sauti kutoka dirishani.

Huyo ni Mjomba. Nyumbani wote humwita hivyo kwa ajili ya mtoto, lakini kwa Bi Sauti ni mdogo wake, tumbo moja. Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Bi Sauti alilea mwana ambaye hata mimba yake hakuibeba. Mama yao alipofariki yeye mwenyewe alikuwa hajakomaa, akamvisha, akamsomesha, na kijana alipokua, dada akamsumbua Kamusi usiku na mchana mpaka akamtafutia udereva pale kiwandani. Tangu shemeji yake apigwe, Mjomba hakubanduka hapo wodini.

"Nilidhani kitaonyesha shemeji ni mzima," alisema. "Nikampima mimi mwenyewe kwanza, kisha ndipo nikamwonyesha Daktari. Nilitaka kusaidia tu."

"Najua, mdogo wangu. Si kosa lako."

"Hata mimi nimekijaribu," ilisema sauti nyingine.

Afande alikuwa ameegemea mlango, shati la kiraia limembana tumboni. Yeye ndiye mpelelezi wa kesi hii, na alikuwa na sura ya mtu anayetazama kuku wake akibebwa na mwewe.

"Juzi, nyumbani," alisema. "Kikaniambia nina msamiati wa profesa. Nikamwita mke wangu aje aone ameolewa na nani. Nikarudia mbele yake ili ashuhudie, kikasema darasa la nne. Katikati hapo sikusahau lugha, Daktari. Nilikunywa chai tu."

Nesi aliyekuwa anakunja mashuka alicheka, kisha akakumbuka alipo.

"Afande hana bahati," alisema Wakili. "Lakini mgonjwa wetu amepimwa mara tatu. Miaka saba, mara zote. Kitu kinachotoa jibu lile lile kila ukikiuliza hakibahatishi."



Bi Sauti aliogopa. Tusifichane, aliogopa kwamba ni kweli. Alikuwa amesimama pale pale jana akimwona mumewe anagusa majibu ya kijinga, moja baada ya jingine, kwa kidole kisichotetemeka. Mtu aliyesahihisha kadi ya harusi yake mwenyewe na kuirudisha kiwandani mara mbili kwa sababu ya nukta. Ikiwa maneno yamemtoka huyu, amebaki na nini? Na yule aliyempasua kichwa atatembea barabarani, atanunua gazeti, atalisoma.

"Ale kwanza," alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Alitaka muda tu, wowote. "Chakula chake hiki kinapoa. Ale, ndiyo usaini."

Daktari alitazama saa, akatazama foleni ya vitanda.

"Sahani ikiisha, nasaini."

Msomaji, umewahi kuomba mtu mwenye njaa ale taratibu? Bi Sauti aliiweka sahani ya bati mapajani mwa mumewe na kumpa kijiko mkono wa kulia, ule mzima. Viazi, maharage, yai moja la kuchemsha. Kamusi alikula. Wakili alikuwa anahesabu vijiko kwa macho.

Mara kijiko kikaanza kukwaruza bati.

"Kimeisha," alisema Kamusi kwa ule ulimi wake mzito. "Leo kidogo."

"Kimeisha," alisema Wakili. "Mmemsikia mwenyewe."

Daktari akachukua kalamu.

Bi Sauti aliinama kuchukua sahani, na mkono wake ukabaki hewani. Nusu ya kulia ilikuwa safi, imekwanguliwa mpaka bati linang'aa. Nusu ya kushoto haikuguswa. Viazi vilikuwepo, maharage yalikuwepo, yai lilikuwepo, na mpaka kati ya pande mbili ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Siku zote tangu azinduke, nesi aliandika kwamba mgonjwa hana hamu ya kula. Na siku zote Bi Sauti alizifunga nusu sahani zile na kuzirudisha nyumbani akilia njiani.

Aliishika sahani ukingoni na kuizungusha, ya kushoto ikaja kulia.

Kamusi alitazama, akashangaa.

"Umeongeza?" aliuliza, na akaanza kula tena.

Nesi aliacha shuka.

Bi Sauti alimtazama mumewe usoni. Asubuhi ile alijinyoa mwenyewe mbele ya kioo, akafuta wembe, akasema amemaliza. Shavu la kulia lilikuwa laini na la kushoto lina ndevu za wiki nzima. Alidhani mkono umechoka, akammalizia yeye.

"Daktari, nipe hiyo simu."

"Mama, tulikubaliana sahani ikiisha..."

"Haijaisha. Nipe simu."

Daktari alimpa. Neno lilikuwa juu, na chini yake maana nne, mbili upande wa kulia, mbili upande wa kushoto. Bi Sauti aliyapitia majibu ya mumewe, akashusha ukurasa, akashusha tena.

"Anagusa ya kulia tu," alisema. "Tazama. Hakuna hata moja aliyogusa kushoto. Jibu likiwa kulia anapata. Likiwa kushoto, anachukua lililopo. Hayaoni hayo mengine."

Daktari alichukua simu, akatazama.

"Alipigwa upande wa kulia wa kichwa," alisema polepole. "Nilisoma haya chuoni. Nilisoma, nikafanyia na mtihani." "Ubongo unaacha kujali kushoto. Macho ni mazima, ila hayaambiwi yatazame huko. Kwake yeye kushoto hakupo. Anaona nusu ya sahani, nusu ya uso wake. Nusu ya kipimo."

"Hiyo ni nadharia," alisema Wakili. "Kipimo kimetoa jibu moja mara tatu."

"Mizani mbovu ya dukani nayo hutoa jibu moja kila siku," alisema Bi Sauti. "Ndiyo maana mwenye duka anaipenda."

Afande alikohoa kuficha kicheko. Wakili hakucheka.

"Sawa. Tuseme haoni kushoto. Hatujui bado kama maneno anayo. Atapimwaje?"

Jibu lilikuwa limeshamjia Bi Sauti, na lilikuwa jibu la zamani sana.

Wengi hamjui kazi ya kusahihisha inavyokwenda, nami nilikuwa sijui mpaka nilipoanza kuandika hapa. Hufanywa na watu wawili. Mmoja hushika maandishi ya mwandishi na kuyasoma kwa sauti, neno kwa neno, hata alama: koma, nukta, aya mpya. Wa pili hushika karatasi iliyochapwa na kufuata kwa penseli. Hawaongei, kwa kuwa maneno yao yangechanganyika na ya kitabu. Penseli ikigonga meza mara moja, sawa, endelea. Ikigonga mara mbili, simama, kuna kosa. Bi Sauti alikuwa msomaji wa Kamusi kabla hajawa mkewe, ndipo alipopata jina. Walikaa hivyo mwaka na zaidi, yeye anasoma, mwenzake anagonga. Wenzao kiwandani walitania kwamba hata posa aliitoa kwa kugonga.

"Asomewe," alisema. "Nitamsomea mimi, neno na maana zake zote. Akisikia iliyo sahihi atagonga."

"Wewe ni mkewe," alisema Wakili. "Utampa ishara kwa sauti. Hapana."

"Basi soma wewe."

Wakili hakutegemea hilo. Alimtazama Daktari, akamtazama Afande, na hakuna aliyemwokoa.

"Soma, Wakili," alisema Afande. "Sauti unayo, tumekuwa tukiisikia tangu asubuhi."

Wakati Daktari anafungua kipimo upya, Mjomba aliondoka dirishani na kuja kumgusa dada yake bega.

"Dada, shule zinakaribia kutoka. Nikamchukue mtoto? Wewe baki hapa, hili ni kubwa."

Bi Sauti alikuwa amemsahau kabisa binti yake. Aliona haya, na papo hapo akaona raha ya kuwa na ndugu.

"Nenda, mdogo wangu. Mwambie mama anakuja. Mungu akubariki."

Mkono wa kulia wa Kamusi ulikamata chuma cha ubavu wa kitanda, ukakikaza mpaka vifundo vikapauka. Bi Sauti alidhani ni maumivu. Akampapasa mkono mpaka ukalegea, na mlango ulikuwa umeshafungwa.

"Simama kulia kwake," Daktari alimwambia Wakili. "Ukisimama kule atakusikia lakini atahangaika kukutafuta."

Wakili alizunguka kitanda, akasafisha koo.

"Ghiliba," alisoma. "Ukarimu. Udanganyifu. Haraka..."

Ukucha wa Kamusi ulikuwa umeshagonga chuma cha kitanda. Mara moja, kwenye udanganyifu.

"Husuni. Huzuni kubwa. Mtego. Shamba. Ngome."

Aliziacha tatu zipite, hata ile ya kwanza inayowanasa wengi, akagonga ya mwisho.

"Sononeka. Kulala usingizi. Kuhuzunika..."

Ko, chuma kikalia.

Wakili alisoma haraka zaidi, kisha akasoma taratibu mno, kisha akasoma kwa sauti ya chini. Ilikuwa kazi bure. Ko, endelea. Ko, endelea. Bi Sauti alisimama miguuni mwa kitanda, mikono nyuma, midomo ameibana asije akaambiwa ametoa ishara. Machozi yalimshuka hivyo hivyo, na hakuyafuta.

"Ngeu," alisoma Wakili. "Ndege wa majini. Mtu mvivu. Jeraha la kichwani..."

Kamusi hakugonga. Aliinua mkono na kugusa bandeji yake.

Nesi alijifunika mdomo kwa shuka.

Swali lililofuata, kidole cha Wakili kiliteleza kwenye kioo. Akasoma neno, akasoma maana tatu, akanyamaza akingoja. Ukucha ukagonga mara mbili.

"Nini?" alisema Wakili. "Amegonga mara mbili. Amechanganyikiwa."

"Amekwambia usimame," alisema Bi Sauti. "Kuna kosa."

"Moja," alisema Kamusi kwa taabu. "Umeruka moja."

Wakili alitazama simu. Alikuwa ameiruka kweli. Masikio yalimwiva, akaisoma ile ya nne bila kuinua macho, na ukucha ukagonga mara moja.

Kipimo kilipokwisha, simu ikatoa mlio wa furaha na maua yakadondoka kwenye kioo. Daktari alichungulia begani kwa Wakili, akasoma matokeo bila shangwe.

"Kinasema msamiati wa profesa."

"Kama mimi juzi kabla ya chai," alisema Afande. Lakini safari hii hakuwa anatania. "Daktari, mimi ni askari, nitaulizwa mahakamani. Jana kifaa hiki kilisema mtoto, leo kinasema profesa. Mtu ni yule yule. Niamini lipi?"

"Usiamini lolote," alisema Daktari. Alichukua ile karatasi ya Wakili, akaipasua vipande viwili, akavitia mfukoni kana kwamba anaona aibu kuvitupa. "Sitaandika cha kwanza wala cha pili. Nitaandika nilichokiona mwenyewe. Mgonjwa anasikia, anaelewa, anakumbuka, na akikosewa anasema. Tena nitaandika kwamba nilitaka kumfungia mdomo kwa mchezo wa kwenye simu."

Maneno hayo yalimgharimu, ungemwona uso. Bi Sauti alikaa ukingoni mwa kitanda na kulia waziwazi, kilio cha mtu aliyepanda mlima mzima na mzigo kichwani na sasa ameutua. Mume wake yupo. Alikuwepo siku zote, ndani ya nusu ile iliyobaki.

Laiti ningeikomesha hadithi hapo. Kuna wiki mwandishi huwaonea huruma watu wake, na wao wenyewe ndio wanaokataa.

Afande alivuta kiti, akakiweka kulia kwa mgonjwa.

"Mzee, pole. Nitauliza kidogo tu. Jioni ile stoo, ulimwona aliyekupiga?"

Kamusi alifumba macho muda mrefu.

"Nilimwona," alisema.

"Unamjua?"

"Namjua."

"Ni Bosi wako?"

"Hapana."

Wakili alitafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti kingine, akakaa kwenye kitanda kitupu cha jirani, suti yake ile. Muda wote huu alikuwa anasokomeza tambara kwenye mdomo ambao ungemtoa mteja wake mahabusu. Bosi alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba hakufanya. Yeye alitikisa kichwa kwa adabu na hakuamini hata neno.

"Kama si yeye, ni nani?" aliuliza Afande.

Kamusi alifumbua macho, akamtafuta mkewe mpaka akampata.

"Mama watoto atoke kwanza."

Bi Sauti alidhani hakusikia vizuri. Katika ndoa yao hakuwahi kutolewa chumbani. Wageni wa kiume walikuja na kuondoka, habari za kazi, habari za misiba, ugomvi wa ndugu wa mume, vyote alivisikia akiwa amekaa ubavuni mwake.

"Sitoki," alisema. "Miaka yote hiyo nimekusomea mimi. Leo nisomee wewe."

"Mama watoto."

"Sitoki, mume wangu. Sema."

Kamusi alihema. Maneno yalimtoka kwa vipande, na kila kipande alikitafuta kwanza.

"Simu iliposema sina akili, nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Nilijua sikufanya vizuri. Sikujua kwa nini. Nikasema, basi, heri. Hawataniuliza tena." "Wewe ulikuwa unapigania niaminiwe. Mimi nilikuwa naomba wasiniamini."

"Kwa nini?" Bi Sauti aliuliza, na sehemu yake moja ilikuwa imeshajua.

"Kwa ajili yako. Nilitaka nife nayo. Lakini Bosi hana kosa. Siwezi kumwacha aozee ndani."

"Jina, Mzee," alisema Afande taratibu.

Kamusi hakumtazama Afande. Alimtazama mkewe.

"Alikuwa amechonga ufunguo wake. Nilimkuta amebeba karatasi. Nikamwambia rudisha, tutayamaliza nyumbani, hata dada yako sitamwambia. Akalia. Alilia sana, mama watoto, nikamhurumia. Nikamwambia jipanguse. Nilipogeuka kufunga kabati, akanipiga."



"Ni uliyemlea," alisema Kamusi.

Bi Sauti hakupiga kelele. Alisikia kila neno, moja moja, na hakuna lililompita. Alikumbuka viatu vya kwanza alivyomnunulia, vilivyokuwa vikubwa, wakavijaza makaratasi mbele. Alikumbuka jinsi alivyomng'ang'ania mumewe ampe kazi yule kijana, na mumewe alivyokubali kwa ajili yake tu. Uchungu ulimpanda, na chini ya uchungu kulikuwa na upendo bado, haujapata habari. Alichukia kwamba ulikuwepo.

Afande alikuwa ameshasimama. Alitazama dirishani. Nesi alitazama dirishani. Wakili naye akageuka. Pazia lilikuwa linacheza peke yake.

"Mama," alisema Afande, "yuko wapi mdogo wako?"

Kamusi alitaka kuinuka, akasahau kwamba nusu ya mwili wake haimsikii, akaanguka ubavu, na Daktari akamdaka.

"Mama. Yuko wapi?"

"Amekwenda shule," alisema Bi Sauti. "Kumchukua mwanangu."

"Nani kamtuma?"

"Mimi. Nimemtuma mimi."

Afande alikuwa tayari na mkono kwenye kitasa. "Ametoka lini?"

Bi Sauti alimtazama Wakili, ambaye bado alikuwa ameishika ile simu yenye maua.

"Kabla huyu hajasoma neno la kwanza," alisema.